Kutatua tatizo la mtaa kwa mbinu za usanifu: mwongozo kamili kutoka ploti za Nyalenda

Mapipa yetu sita ya kwanza hayakumaliza wiki tatu. Tuliyapanga kando ya mtaro huko Nyalenda, Kisumu, yakiwa mapya, ya kijani, yenye mifuniko inayobana. Tuliporudi, mawili yalikuwa yamejaa maji ya kunywa vyumbani mwa watu, moja lilikuwa na mahindi, moja, nasikia, lilikuwa likichachusha busaa, ile pombe ya kienyeji, na mawili hatukuyaona tena. Taka zilikuwa pale pale mtaroni. Mwenyekiti wetu alitaka twende kwa chifu kuripoti wizi. Wizi gani? Mahali ambapo mfereji hukauka siku mbili, pipa jipya lenye mfuniko ni tangi, na mtu mwenye akili atalitumia kama tangi.

Tangu siku hiyo nimekaa na vikundi vya vijana na vyama vya akina mama hapa Kisumu na kule Kakamega, na karibu wote hukwama mahali pamoja. Wanaanza na kitu cha kununua, kisha ndipo wanatafuta tatizo la kukisingizia. Usanifu ninaouzungumzia hapa huanza na mtu mmoja, kazi moja anayoifanya na saa anayoifanya. Mnabuni naye, mnajaribu kwa vitu vya bei ya chai, mnakosea mapema, mnarekebisha. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: daipa za watoto zinazoziba mitaro na vyoo vya ploti, yaani nyumba za vyumba vya kupanga ambazo wapangaji wake hutumia choo pamoja. Wewe weka tatizo lako hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Watu wanne. Wawili wawe wanaishi mtaa huo huo, na kama jambo ni la akina mama, angalau wawili wawe wanawake. Wanaume watatu hawawezi kusimama karibu na choo cha ploti alfajiri bila kuitiwa kelele.
- Daftari moja na kalamu mbili. Simu ibaki mfukoni kwa wiki ya kwanza.
- Katoni kuukuu, kamba, kisu, waya wa kufungia, tyubu ya baiskeli iliyochakaa, magunia mawili, na ndoo za rangi za lita 20 zilizokwisha kazi. Mafundi wa ujenzi hukupa kwa bei ya kutupa.
- Glavu za mpira, sabuni, na mahali pa kunawa. Kibuyu chirizi cha mtungi na kamba ya mguu kinatosha.
- Ruhusa ya mzee wa mtaa, na namba ya mhudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo. Yeye huzungukia takriban nyumba 100, kwa hiyo anajua nani amejifungua lini.
- Wiki sita, siku tatu kila wiki.

Pesa ya mradi isiwepo bado. Nauli na chai vinatosha kwa wiki nne za kwanza. Mtaa ukishasikia kuna pesa, kila swali utakalouliza litajibiwa kwa namna ya kuielekeza pesa hiyo kwa anayejibu, na huwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

## Hatua ya 1: Chagua jamii ndogo kuliko unavyotaka

"Wakazi wa Nyalenda" si jamii ya kubunia kitu. Ndani yake mna landilodi anayeishi ploti hiyo hiyo, landilodi anayeishi Nairobi na kutuma keateka, mwangalizi wa ploti, kukusanya kodi, mwanafunzi wa chuo, mama mwenye pacha. Kitakachomfaa mmoja kitamsumbua mwingine.

Punguza mpaka uweze kuwaandika wote kwenye ukurasa mmoja. Sisi tuliishia na akina mama wenye watoto walio chini ya miaka miwili, katika ploti sita zinazopakana na mtaro mmoja. Mwingine anaweza kuchagua wakaangaji wa mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu) wa uchochoro mmoja wa Obunga wanaoshinda kwenye moshi, au waendesha boda boda wa stendi moja ya Kondele.

Ukurasa ukijaa na bado una majina, punguza tena.

## Hatua ya 2: Ingia kwa mlango

Nenda kwa mzee wa mtaa kwanza, kabla hajasikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba kuna watu wanaandika andika. Msalimie, kaa, kunywa unachopewa, eleza kwamba mmekuja kujifunza na hamna kitu cha kugawa. Kisha ukanyage breki hapo hapo. Usiahidi chochote, hata kwa tabasamu.

Msivae fulana zenye maandishi. Fulana huwaambia watu mmetumwa na mfadhili.

Akina mama waite kwa majina ya watoto wao, kama majirani wanavyowaita. Ukitaka picha baadaye, omba ruhusa kwa kila picha, na kwa mtoto omba kwa mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo, na heshima ilidai hivyo kabla ya sheria. Daftarini andika "mama wa chumba cha nne", usiandike jina.

## Hatua ya 3: Tazama kabla ya kuuliza

Hii ndiyo hatua vikundi vinaipuuza zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Ipe wiki nzima.

Sababu yake ni hii. Tulipouliza akina mama kumi, "Daipa mnazitupa wapi?", wengi walisema pipani na wengine walisema wanachoma. Pipa lenyewe halikuwapo na jivu hatukuliona. Hawakuwa waongo. Walikuwa na adabu: mgeni akiuliza habari za uchafu, unampa jibu safi.

Nenda saa tatu tofauti: saa kumi na moja alfajiri, saa nne mchana, na saa mbili usiku. Watu hufanya mambo yao ya aibu kwenye mipaka ya giza. Uwe na kazi mikononi ili usionekane unapeleleza. Wenzetu wawili walikaa na mama mboga wa langoni wakimsaidia kukata sukuma wiki, na kutoka kwenye kiti kile cha chini waliona ploti nzima.

Siku ya tatu, kabla hakujapambazuka, mama wa chumba cha nne alitoka na mtoto ubavuni, leso imefungwa kifuani. Mkono wa kulia ulishika mtoto. Wa kushoto ulikuwa chini ya leso. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo daipa ilikuwa imeviringishwa ndani ya pakiti ya unga, ile ya karatasi, na karatasi ilikuwa imeanza kulowa. Alitazama langoni, akatazama dirisha la jirani, akaingia chooni. Alitoka mikono miwili ikiwa juu ya mtoto.

Daftari letu lilikuwa limejaa habari za mtaro. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria choo.

Kila tukio liandike kwa sentensi ya mtu na kitendo: nani, saa ngapi, ameshika nini kwa mkono upi, amepiga hatua ngapi, nani alikuwa akimwona. Ukijikuta unaandika "wakazi hawana uelewa wa usafi", futa. Hilo hukuliona kwa macho. Ulikuja nalo kutoka nyumbani.

Onyo: msimhesabie mtu safari zake za chooni, na msikae mkiangalia mlango wa choo. Kaeni mnapoona njia. Mtu akionyesha kukerwa, ondokeni siku hiyo, kesho mrudi na salamu.

Hatua hii imekamilika mkiwa na sentensi zisizopungua kumi, na moja kati yake imewaacha midomo wazi. Kama hakuna iliyowashangaza, bado mnaona mlichotarajia. Ongezeni siku tatu.

## Hatua ya 4: Uliza habari za jana

Sasa uliza. Swali la "kwa kawaida" huleta jibu la adabu, kwa hiyo liepuke. Uliza habari za mara ya mwisho: "Mama, ile ya jana usiku ilienda wapi?" Kisha, "Kabla ya hapo ulikuwa umeiweka wapi?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi humtoa mtu maneno ambayo maswali matano hayamtoi.

Wazee waulizwe kwa lugha wanayoota nayo. Nyanya mmoja alikuwa akijibu kwa Kiswahili kifupi kifupi mpaka mwenzetu alipobadilisha akaongea Kidholuo, na hapo ndipo alipomshika mkono akamwambia: "Nyakwara, mjukuu wangu, daipa ya mtoto haiingii motoni. Ukichoma, mtoto atawashwa makalio, na asipopona utamlilia nani?"

Usicheke na usimsahihishe. Hujaja kufundisha. Andika tu: wazo lolote lenye moto limekufa. Nusu saa kabla ya hapo mmoja wetu alikuwa akichora tanuri la kuchomea taka, zuri kweli kweli, lenye bomba la moshi.

Kila mtu muulize pia swali la pesa: nani tayari analipia tatizo hili? Tulidhani ni akina mama, au ni kaunti. Keateka alitufungua macho. Nyalenda maji ya ardhini yako karibu, mashimo ya vyoo ni mafupi na hujaa upesi. Gari la kunyonya vyoo likija, daipa zinaziba mpira wake. Ndipo vijana wanaingiza mti wenye ndoano, wanavuta moja baada ya nyingine, na kudai nyongeza kwa kazi hiyo. Anayelipa ni landilodi.

Landilodi, ambaye hatukuwa tumemweka hata kwenye ukurasa wetu! Tulimwongeza.

## Hatua ya 5: Andika tatizo kwa sentensi moja

Sentensi iwe na mtu, wakati, kizuizi na matokeo. Yetu ilikuwa hivi:

*Mama mwenye mtoto mchanga, anayetoka kabla ya jua akiwa na mkono mmoja tu ulio huru, hana mahali pa karibu, pasipo macho ya majirani na pasipo moto, pa kuweka daipa. Kwa hiyo inaishia kwenye choo ambacho landilodi hulipa kukinyonya.*

Ndefu, najua. Lakini kila neno lina kazi. "Mkono mmoja" baadaye uliamua umbo la mfuniko. "Macho ya majirani" uliamua mahali. "Landilodi hulipa" uliamua fedha.

Jihadhari na neno "ukosefu". "Tatizo ni ukosefu wa mapipa" maana yake mmeshanunua mapipa kichwani. "Ukosefu wa uhamasisho" ni mbaya zaidi, kwa sababu dawa yake ni semina, na semina ina posho, na posho ina wapenzi wengi. Mama wa chumba cha nne alikuwa amehamasishwa vya kutosha. Ndiyo sababu alikuwa akificha.

Isome sentensi yenu mbele ya watu watatu wa ploti. Wakisema "ndiyo, hivyo hivyo," songeni mbele. Wakianza kuirekebisha, ni bora zaidi.

## Hatua ya 6: Mawazo mengi, haraka, pamoja nao

Waite akina mama watano, keateka na mhudumu wa afya. Landilodi mkutane naye kando, kwa maana mpangaji hatasema ukweli mbele ya anayemdai kodi. Kila mtu achore au aeleze mawazo manne kwa dakika kumi. Mabaya yanaruhusiwa. Aliyechora mbwa aliyefunzwa kubeba daipa alitufanya tucheke mpaka mtoto akaamka, na baada ya hapo kila mtu aliongea.

Kisha yapitishe mawazo kwenye maswali matatu: Je, liko njiani anakopita tayari? Je, linamwonyesha au linamficha? Je, anayelipa ndiye anayeokoa pesa?

Kwa nini mahali na macho ya watu ni mambo mazito hivi? Huko Busia na sehemu nyingine za magharibi utakuta kando ya chemchemi tangi dogo la klorini juu ya nguzo. Unaweka mtungi wa lita 20 chini yake, unazungusha, kipimo kinadondoka, kisha unateka maji, na dawa inachanganyika ukitembea kwenda nyumbani. Hulipii chochote pale, na mwenyeji mmoja amepewa kazi ya kulijaza na kukumbusha wenzake. Klorini ya aina hiyo ilikuwa ikiuzwa madukani kwenye chupa ndogo, na ni nyumba chache zilizokuwa zikiitumia mara kwa mara. Michael Kremer, mmoja wa watafiti waliolijaribu wazo hilo vijijini huko, alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Jambo la kushika ni kwamba pale chemchemini macho ya jirani yanasaidia: anakuona ukitia dawa, naye anatia. Kwenye daipa macho yale yale ni adui. Ndiyo maana huwezi kuiga suluhisho la mtaa mwingine kama lilivyo.

Baki na mawazo mawili. Matatu yatawachosha.

## Hatua ya 7: Tengeneza kielelezo kibaya

Ninaposema kibaya ninamaanisha kibaya. Kitu kilichopakwa rangi na kubandikwa nembo, watu watakisifu ili wasikuumize. Cha katoni na kamba watakikosoa bila huruma, na hiyo ndiyo bidhaa unayotafuta wiki hii.

Usiku wa kwanza hadi wa tatu. Tuliweka ndoo ya rangi langoni. Haikupata hata daipa moja. Langoni ndipo mama mboga na vijana wa boda boda wanapokaa. Tulikuwa tumeandika "macho ya majirani" kwa mkono wetu wenyewe na bado tukaiweka pale kwa kuwa palikuwa rahisi kwetu kuichukua.

Usiku wa nne hadi wa sita. Tuliihamisha nyuma ya ukuta wa choo, hatua tatu kutoka mlangoni. Ilijaa. Lakini mfuniko ulikuwa chini kila asubuhi, nzi wamejaa, na mbwa alikuwa ametoa mbili. Tulikaribia kuwakemea akina mama. Kisha mwenzetu akabeba mtoto wa jirani ubavuni, akajaribu kuufungua mfuniko ule wa kubana. Hauwezekani kwa mkono mmoja. Na ukishafunguka, huwezi kuufunga tena bila kumweka mtoto chini, kwenye tope la choo.

Usiku wa saba. Mfuniko tuliufunga kwa waya ili afungue mzoaji taka tu. Upande mmoja wa ndoo, karibu na juu, tulikata tundu la upana wa daipa iliyoviringishwa, na juu yake tukaning'iniza kipande cha tyubu kinachojirudisha chenyewe. Unasukuma, inaingia, mpira unarudi. Mama wa chumba cha nne alikiita "sanduku la posta", na jina likashika. Tuliitundika ukutani kiunoni mwa mtu mzima, mbwa asifike na mtoto anayetambaa asifike. Na kwa kuwa ina tundu ubavuni, hakuna aliyetamani kuiwekea maji.

Mambo ya kuzingatia mnapojaribu:

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukihamisha ndoo na kubadilisha mfuniko siku moja, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Usieleze kinavyofanya kazi. Kiweke, simama mbali, tazama mikono. Kitu kinachohitaji maelezo yako usiku hakitapata maelezo, kwa sababu wewe utakuwa umelala.

Kinyesi kimwagwe chooni kwanza, kisha daipa iviringishwe. Anayegusa ndoo avae glavu na anawe kwa sabuni kila mara. Kisumu inakijua kipindupindu. Usilete kingine kwa jina la mradi.

Utajua umefika pale mtu ambaye hukumwambia lolote anapokitumia, na zaidi pale mtu anapomgombeza mwenzake kwa kukitumia vibaya. Kwetu alikuwa ni yule nyanya, akimfokea kijana aliyetia maganda ya ndizi.

## Hatua ya 8: Fuata njia mpaka mwisho wake

Ndoo imejaa. Inaenda wapi? Mkiitoa chooni na kuimwaga mtoni, mmelihamisha tatizo kutoka ploti hadi mto Auji, na Auji inalipeleka ziwani.

Tembeeni na mzoaji taka siku nzima. Muulizeni kama ana leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ya kusafirisha taka, anamwaga wapi, na kama mkokoteni wake unapita kwenye kichochoro chenu wakati wa tope. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, kwa hiyo gunia la daipa liwe la peke yake. Usimwahidi mtu kwamba daipa zitakuwa mbolea. Zina plastiki ndani.

Upande wa pesa, fanyeni hesabu mbele ya landilodi kwa tarakimu zake mwenyewe. Tuseme alilipa 9,000 mara ya mwisho na choo hujaa kila miezi mitatu. Hiyo ni 3,000 kwa mwezi. Kikianza kujaa kila miezi minne, inakuwa 2,250. Tofauti ya 750 ndiyo dari ya malipo ya mzoaji. Mkidai zaidi ya hapo mnaomba msaada, na msaada huisha. Hii ni hesabu ya mfano. Yenu inaweza kuonyesha kwamba haiwezekani, na ni heri mlijue jambo hilo kabla ya kununua ndoo ya pili.

## Hatua ya 9: Jaribio la wiki mbili lenye hesabu

Kabla ya kuanza, chagueni kipande cha mtaro cha hatua 50, kati ya alama mbili zisizohama. Hesabuni daipa zinazoonekana Jumanne na Jumamosi, saa ile ile, mtu yule yule. Fanyeni hivyo pia kwenye kipande cha ploti ambazo hazina ndoo.

Hicho kipande cha pili vikundi hukiona kama kazi ya ziada. Sisi tulikiona hivyo pia. Mvua ya Ijumaa jioni, zile za ziwani zinazokuja na upepo, ilituoshea mtaro. Jumamosi asubuhi tulihesabu sifuri tukapongezana. Kisha mtu akavuka kwenda ng'ambo, ambako hakukuwa na ndoo hata moja. Sifuri. Masika ya Machi hadi Mei yanaweza kukupa mafanikio ya uongo kila wiki.

Andikeni mapema, na watu wote watie sahihi, ni matokeo gani yatawafanya muache. Mkingoja kuamua baadaye, mapenzi ya kazi yenu yatawaamulia.

## Hatua ya 10: Kabidhi kitu, na kabidhi ukarabati wake

Kitu chochote cha mtaani hufa kwa kipuri kidogo. Kwetu ni ule mpira wa tyubu: hukauka juani, hupasuka, nzi wanarudi, na ndani ya wiki moja ndoo inakuwa kero ambayo kila mtu atasema ni yenu.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, keateka abadilishe mpira mwenyewe mbele yenu, mara mbili, bila kusaidiwa. Mchoro wenye vipimo ubaki kwa fundi mmoja wa jua kali aliye karibu, na mmoja kwa mhudumu wa afya. Malipo ya mzoaji yatoke kwa landilodi kwenda kwa mzoaji moja kwa moja. Yakipitia kikundi chenu, siku mkigombana wenyewe kwa wenyewe, daipa zinarudi chooni.

Kisha kaeni mbali miezi mitatu, na mrudi bila kutangaza.

Tuliporudi, ploti nne kati ya sita zilikuwa bado na sanduku la posta. Kwenye ploti moja halikuwapo mahali tulipolitundika, na moyo ukanishuka, mpaka mtoto akatuonyesha: walikuwa wamelihamishia upande wa kamba za kuanikia nguo, nyuma ya shuka zinazoning'inia kutwa. Mpira wa tyubu ulikuwa umekwisha zamani. Mahali pake palikuwa na soli ya kandambili, imekatwa vizuri kwa kisu cha moto na kushonwa kwa waya. Mwenzetu alitoa kipande kipya cha tyubu mfukoni, akakitazama, akakirudisha.